Cheti cha Sebuleni

Kama uliwahi kuomba chuo cha nje ukapitia ile barabara ya wizara, basi umewahi kumwona, hata kama humkumbuki. Ni yule dada wa duka la fotokopi, mwembamba, miwani imefungwa waya upande mmoja, anayekunyang'anya karatasi zako kabla hujamaliza kusema unataka nini. Watu walimwita Dada Fomu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye cheti kimoja, na hicho cheti ndicho kisa chenyewe, tutafika.

Duka lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Mashine mbili za kopi, moja nzima na moja ya kukohoa. Kompyuta moja. Kaunta ya kioo iliyojaa kalamu na gundi, na nyuma yake, juu ya kiti cha plastiki chenye mto, mwenye duka, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyeitwa Mama Bahasha. Mama Bahasha hakujua kompyuta na hakutaka kuijua. Alijua bahasha. Alikutazama tu ukiwa bado unavuka barabara, akajua kama unataka ya kaki au nyeupe, kubwa au ndogo. Mengine yote alimwachia Dada Fomu, na Dada Fomu aliyajua kuliko wanaolipwa kuyajua.

Alijua picha ya pasipoti ya ubalozi huu masikio yaonekane, na ya ubalozi ule hata meno yasionekane. Alijua barua ya mwalimu inayosema "huyu ni kijana mwenye nidhamu" haimpeleki mtu popote. Vijana walimletea zile barua za kueleza kwa nini unataka kusoma, wameanza na "tangu utotoni nimekuwa na ndoto", naye akazikata kwa kalamu nyekundu palepale, mwenyewe anatazama.

"Ndoto zako kamhadithie mama yako," alikuwa akisema. "Hapa andika ulipima nini na ukakuta nini."

Na alikuwa na wimbo wake mmoja, aliouimba kutwa mpaka Mama Bahasha akawa anamwitikia bila kuinua macho: usikunje, usibandike, usipige laminesheni. Maana wizara hupiga muhuri wake nyuma ya cheti. Si mbele, si kwenye kopi. Nyuma ya cheti chenyewe, kwa wino, na wino haushiki kwenye plastiki. Kila wiki hakukosekana mmoja aliyekuja na cheti kilichopigwa laminesheni, kinang'aa kama sahani, mzazi wake alikitunza kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Dada Fomu alikuwa akikishika kwa ncha za vidole, anatikisa kichwa. "Maskini weee. Nani kakufanyia hivi?"

Miaka saba alifanya kazi hiyo. Na si kwamba hakusoma. Alikuwa na digrii ya sayansi ya maji, tena alishika namba moja kwenye darasa la watu sitini. Utafiti wake ulikuwa wa visima vya pembeni mwa mji, chumvi inavyopanda mwaka hadi mwaka, amezunguka na chupa zake mgongoni juani mpaka ngozi ya shingo ikabanduka. Baada ya hapo aliomba kazi kila penye bomba. Idara ya maji wakamwambia asubiri, wataita. Akaenda kusubiri kwenye duka la fotokopi, miezi mitatu tu, alisema, na idara ya maji hawajaita mpaka leo.

Kwa hiyo akawa anawaondoa wenzake. Waliopita mikononi mwake wakapanda ndege ni zaidi ya mia. Wawili watatu walimtumia picha wamesimama kwenye theluji, wamevaa makoti mpaka puani. Waliobaki, kimya. Wapi bwana, nani anamkumbuka mtu wa fotokopi?

Mama Bahasha ndiye aliyemchokoa. "Wewe unawavusha watoto wa watu kila siku," alimwambia siku moja mashine zimepumzika. "Wewe mwenyewe utavuka lini? Au unangoja nikutie kwenye bahasha nikupeleke posta?"

Dada Fomu alicheka, lakini neno lilimwingia. Akaanza kuomba, saa za chakula, mlango umerudishwa nusu. Profesa mmoja wa ng'ambo akausoma ule utafiti wa visima, akaandika kwamba chuoni kwake wanatafuta mtu wa aina hiyohiyo. Wakazungumza naye kupitia kompyuta ya duka, mashine zote zimezimwa, Mama Bahasha amesimama mlangoni kama askari anafukuza wateja kwa mikono. Baada ya mwezi jibu likaja. Amepata. Shahada ya pili, miaka miwili, kila kitu kinalipwa na chuo. Mama Bahasha alipiga kelele mpaka mlinzi wa wizara akavuka barabara kuuliza kuna nini.

Lilibaki sharti moja tu, lile ambalo Dada Fomu alilijua kama kiganja chake: cheti halisi cha digrii, chenye muhuri wa wizara, kifike ubalozini kabla ya mwezi ujao kwisha ili viza itoke. Alikuwa na wiki tano. Wiki tano! Kwake hiyo ilikuwa anasa. Aliwahi kumwondoa mtu kwa siku tisa.

Na cheti kilikuwepo. Kilikuwa nyumbani, ukutani, juu ya televisheni, ndani ya fremu nyeusi yenye kioo.

Sasa, hapo kwanza umjue baba yake. Alikuwa karani wa mahakama, amestaafu, na watu waliendelea kumwita Karani kana kwamba mahakama imehamia sebuleni kwake. Miaka thelathini na minne yeye ndiye aliyewaapisha mashahidi. Inua mkono, sema baada yangu. Alijivunia hilo kuliko pensheni. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata akienda kununua kiberiti, na hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo. Na kama kuna kitu alichokipenda zaidi ya jina lake, ni kile cheti. Mgeni kabla hajapewa maji alikuwa ameshasimamishwa mbele ya ukuta.

"Namba moja," Karani alikuwa akisema. "Watu sitini, na wanaume wamo."

Mgeni akiuliza binti anafanya kazi wapi siku hizi, Karani alikohoa kidogo. "Yuko maeneo ya wizara," alisema. Wala si uongo, barabara ile haina upana wa kutisha.

Alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, mkubwa kwa Dada Fomu. Huyo alikwenda ng'ambo kusoma, miaka kumi na mmoja imepita. Akapata shahada, akapata kazi, akapata mke, akapata shughuli. Mama yao alipougua alisema anakuja. Alipozidiwa akasema anatafuta tiketi. Alipokufa akasema viza ina matatizo, akatuma maua, maua yakafika yamenyauka siku ya tatu baada ya maziko. Tangu hapo hatajwi sebuleni. Mwaka uliofuata Dada Fomu akamaliza chuo, wakabaki wawili nyumbani, baba na binti.

Jumamosi mchana akampa baba yake habari. Karani alikuwa akipiga kiatu rangi.

"Hongera, mama," alisema. Aliendelea na brashi. "Hongera sana. Marehemu angefurahi." Akapiga kiatu kilekile, upande uleule, muda mrefu.

"Nitahitaji cheti, baba. Kinatakiwa wizarani."

"Kipo. Hakikimbii."

"Tukishushe leo?"

"Kesho," Karani alisema. "Leo mgongo haunipi ruhusa."

Kesho yake stuli ilikuwa na mguu mbovu. Keshokutwa msumari ulikuwa wa zamani sana, ukiuvuta utashuka na plasta yote, mpaka aitwe mtu wa kuziba. Mtu wa kuziba alikuwa amesafiri. Kisha mgongo tena. Dada Fomu aliona ni huzuni ya mzee anayebaki peke yake, akamwonea huruma, akamwacha. Huruma hiyo ilimla wiki mbili nzima.

Jumanne ya wiki ya tatu, Karani akiwa bafuni, alipanda kwenye kiti cha kulia, akakishusha. Msumari haukuleta hata chembe ya plasta. Ukutani pakabaki mraba mweupe. Akaizungushia fremu shuka, akaibeba kwapani mpaka dukani.

"Mchumba huyo!" Mama Bahasha alipiga makofi. "Mlete tumwone!"

Dada Fomu akalaza fremu juu ya kaunta, kioo chini, akachukua bisibisi na kuanza kung'oa pini za nyuma moja moja. Mkono wake ulikuwa mwepesi, alishawafungulia wateja fremu nyingi. Kipande cha plaiwudi kikalegea. Akakiinua. Kikaja na cheti.

Akageuza. Akapitisha ukucha pembeni, pale karatasi inapokutana na mbao. Hapakuwa na nafasi. Akajaribu pembe ya pili, na ya tatu. Cheti kilikuwa kimebandikwa kwenye ubao, chote, kuanzia juu mpaka chini, kimenyooka bila hata kipovu kimoja, kazi safi kabisa.

"Ni pini?" Mama Bahasha aliuliza.

"Ni gundi."

"Gundi ya wapi? Pembeni tu?"

Dada Fomu akamsogezea ubao. Mama Bahasha akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya hovyo, akainama, akatazama. Akafunga mdomo.

Akavuka nacho barabara hivyohivyo, ubao mkononi, kwa sababu mtu akizama hachagui pa kushika. Afisa wa dirisha la mihuri alimjua kwa miaka yote saba. Aliupokea ubao akacheka, akidhani ni wa mteja. Alipoliona jina akaacha kucheka.

"Dada Fomu, wewe? Si wewe ndiye unayetufundishia watu?"

"Piga mbele basi, kaka yangu. Hapo chini pana nafasi."

"Mbele hapapigwi, unajua." Akaugeuza ubao, akaugeuza tena. "Nikupigie kwenye mbao? Ubalozini watanicheka mimi, watakucheka na wewe."

Alijua. Maneno hayo ndiyo aliyowaambia wengine kila siku, na kumbe yakiwa yako yanakata kwa namna nyingine kabisa.

Fundi aliyetengeneza fremu alikuwa bado kwenye karakana yake ileile nyuma ya soko la mbao, kichwa kimejaa vumbi la msumeno. Alikikumbuka cheti mara moja.

"Ehee, cha Karani! Nilijua tu ipo siku kitarudi." Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, kwa fahari kidogo. "Mimi nilimwambia mzee, pini nne zinatosha, kioo chenyewe kitashika. Akakataa. Akasema paka gundi yote, ile ya mbao. Akasimama hapo ulipo mpaka nikamaliza."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema, 'Fundi, nataka hiki kisitoke. Asikitoe mtu, hata mwenye nacho.'" Fundi alitabasamu. "Nikajua anamwogopa mwizi."

Dada Fomu akamwomba fundi ajaribu kukibandua, pembe moja tu, pole pole. Fundi akaweka kitambaa cha maji ya moto, akangoja, akapitisha wembe. Karatasi ikaja. Lakini ilikuja nusu: uso wake ukabaki kwenye wembe, mgongo wake ukabaki kwenye mbao. Pembe yenyewe ndiyo iliyokuwa na sahihi ya mkuu wa chuo.

"Acha, Fundi," alisema. "Acha, inatosha."

Usiku ule alirudi baba yake ameshalala, na kesho yake alikuwa masjala ya chuo alichosomea. Mhudumu wa pale, mama wa makamo mwenye sweta begani, alitazama ubao, akatazama barua ya ubalozi, akahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Akatoa fomu mbili. Nyeupe na ya njano.

"Hii ya njano ni ya cheti kilichoharibika. Inakwenda kwenye kamati. Kamati inakaa mara mbili kwa mwaka, sasa mpaka Desemba." Akasukuma nyeupe. "Hii ni ya kilichopotea. Siku kumi unapata kingine. Inataka kiapo chako, na kiapo cha aliyekuwa anakitunza. Nani alikuwa anakitunza?"

"Baba."

"Basi baba akuapie tu kwamba kimepotea." Yule mama akaufunika ubao kwa shuka, taratibu, akausukuma mpaka ukingoni mwa meza. "Mimi, mdogo wangu, sijaona ubao wowote hapa."

Siku zilizobaki zilikuwa kumi na nane. Zilitosha. Njia nzima ya kurudi nyumbani Dada Fomu alikuwa akijisemea hivyo, zinatosha, zinatosha, na hasira aliyokuwa nayo kwa baba yake akaikunja akaiweka kando. Atamsamehe. Atie sahihi tu, atamsamehe, wala hatauliza kitu.

Akauliza. Ilimshinda. Alimkuta Karani kwenye kochi, shati la pasi, mbele yake ule mraba mweupe ukutani, hajawasha hata televisheni. Dada Fomu akauegemeza ubao kwenye mguu wa meza.

"Fundi amenieleza."

"Fundi yule ana maneno mengi," Karani alisema.

"Amesema uongo?"

Karani akafikiri. Hata hapo alifikiri kwanza. "Hapana. Hakusema uongo."

"Kwa nini, baba?"

"Mama yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini." Alikuwa akiongea na ukuta. "Nilimwona kaka yako alivyotoka kwenye mlango ule, bahasha yake kwapani. Nilimbebea begi mimi mwenyewe. Kilipokuja chako nikasema, hiki hakitoki. Nilijua utapata kazi hapahapa. Namba moja! Ningejuaje kwamba hawatakuchukua?"

"Walipokataa kunichukua ulijua. Mwaka wa kwanza ulijua, wa pili ukajua. Miaka saba unaniona natoka asubuhi kwenda kupiga kopi vyeti vya watoto wa wenzio."

"Ulikuwa unarudi jioni," Karani alisema.

Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya chini kabisa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetaja jambo zuri. Dada Fomu alitaka kulia, akatamani pia kuupiga teke ule ubao. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akatoa fomu nyeupe.

"Tuyaache. Naomba sahihi yako moja tu."

Karani akavaa miwani. Akaisoma fomu kama alivyosoma kila karatasi maishani mwake, mstari kwa mstari, mpaka kwenye jina la mchapaji pale chini. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Naapa kwamba cheti kilichotajwa hapo juu kilipotea kikiwa mikononi mwangu na kwamba nimekitafuta bila mafanikio.

"Hakijapotea," alisema.

"Najua, baba."

"Kiko hapo miguuni pako."

"Najua kiko wapi!"

"Hiki ni kiapo, mwanangu. Si barua ya udhuru ya shule." Akavua miwani. "Miaka thelathini na minne niliwainulisha watu mikono. Wezi, mabwana wakubwa, wajane. Nikawaambia atakayeapa uongo atafungwa. Mimi mwenyewe sijawahi kuapa uongo, na sitaanza uzeeni."

"Uongo huuwezi, ila kunigandisha mimi na plaiwudi uliweza."

"Lile nilikosea. Nakuomba radhi. Lakini lile halikuwa kiapo."

Akaikunja fomu mara mbili, kwa ustadi, akamrudishia. Alikuwa ameikunja. Hata hilo nalo lilimuuma Dada Fomu, pamoja na yote.

Aliomba asubuhi iliyofuata, na ya baadaye. Alimpigia magoti hapo kwenye zulia, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Alimletea Mama Bahasha, ambaye aliongea saa nzima kwa utani na kwa machozi na mwishowe kwa matusi mepesi. Karani alimkaribisha vizuri, akamsikiliza, akamsindikiza mpaka barabarani. Jibu lilikuwa lilelile: peleka fomu ya njano, kamati itatenda haki. Mtu aliyekaa mahakamani miaka yote ile, na bado anaamini kamati!

Dada Fomu alimwandikia profesa, akamweleza ukweli wote, gundi na ubao. Profesa alijibu kwa heshima. Alisema amesikitika sana, alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, alisema ufadhili una tarehe zake, na kwamba nafasi wamempa anayefuata. Akamtakia kila la heri. Heri ingekuwa barua ya kufoka.

Mama Bahasha alipoonyeshwa ile barua alizima mashine zote mbili. "Leo hatukopi," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni. "Nendeni kwa jirani, huko wino wao hafifu lakini wataimudu shida yenu." Wakakaa wawili nyuma ya kaunta, mlango umefungwa mchana kweupe. Dada Fomu alilia mpaka miwani ikawa haina kazi.

Mwisho wa mwezi ule alipata chumba nyuma ya gereji moja, mtaa wa tatu kutoka dukani. Chumba kimoja, dirisha moja, kelele za nyundo kuanzia alfajiri. Akafunga virago siku ya Jumapili. Havikuwa vingi, masanduku mawili, na lile jipya kubwa alilolinunua kwa ajili ya ndege likajaa sufuria. Karani alisimama mlangoni, mlango uleule. Alikuwa ameubeba ule ubao kwa mikono miwili.

"Na hiki?"

"Baki nacho, baba. Ulitaka kisitoke."

Karani hakumbebea begi safari hii. Sijui kama alitaka. Binti yake hakugeuka kuangalia.

Desemba kamati ikakaa ikainuka, na fomu ya njano haikupelekwa. Kupelekwa ili iweje? Dada Fomu aliendelea na wimbo wake dukani, usikunje, usibandike, ingawa sasa aliusema kwa kifupi na hakuna aliyemwitikia. Kwa baba yake alikwenda mara moja tu, siku alipoambiwa ana homa, akampa dawa, akampikia uji, akaondoka bila kuingia sebuleni.

Ikafika Machi. Asubuhi moja akaingia mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, aliyekuwa tarishi wa mahakama enzi za Karani. Alitaka kopi ya kitambulisho cha pensheni. Alipomwona Dada Fomu akasimama katikati ya duka, mdomo wazi.

"We! Umerudi lini?"

"Shikamoo. Nimerudi kutoka wapi, baba?"

"Marahaba, marahaba. Si kutoka huko masomoni! Nilikuwa kwa baba yako Jumapili. Mzee mpweke, lakini cheti chako bado anakionyesha, kakitia fremu mpya, kioo kimepanguswa, kapembe kamoja tu kamekwanguka. Akaniambia uko ng'ambo tangu Septemba, unasoma mambo ya maji." Mzee akacheka. "Nikamtania, Karani usinidanganye, binti hata kuaga hakuaga? Basi akaniapia. Mbele ya ule ukuta, mkono juu kabisa, kama zamani."

Mama Bahasha, pale kwenye kiti chake, akaacha kuhesabu bahasha.

Dada Fomu aliufungua mfuniko wa mashine. Akanyoosha mkono kupokea kitambulisho, akakilaza kwenye kioo, akakinyoosha kidogo kwa kidole mpaka kikakaa sawa.

"Unataka upande mmoja," alimwuliza mzee, "au pande zote mbili?"